Jirani, Niseme

Tundu lenyewe sikuliona mimi.
Aliliona Bi Ghanima wa chini,
akapanda ngazi, kipandio kwa kipandio,
akaikunjua kanga mbele yangu kabla ya salamu.
Maandishi sikuyasoma. Nilisoma doa:
la kijani, pana kama kisahani cha kahawa.
"Nimeolewa mara mbili," akasema,
"sijapata kutiwa rangi na dari."

Nyumba zetu za Kiponda, ukuta ni mnene kuliko mkono ulionyooshwa.
Nikapasua chokaa, chini yake chokaa ya zamani zaidi,
kisha mawe, kisha lenyewe:
bomba la shaba, limevaa kijani,
na kwenye kiwiko chake tone
linajikusanya, linafikiri, linaanguka.

Fundi wa Darajani alisema toa lote, tia plastiki.
Akataja bei.
Nikamshukuru sana, nikaenda kununua waya wa lehemu.

Kwetu maji huja saa nane usiku, yakitaka.
Tunalala na sikio moja, ndoo zimekaa tayari.
Miaka yote nimeyaombea yaje.
Siku ile nikayaombea yachelewe.

Kata kiwiko. Sugua ncha kwa msasa
hata shaba ing'are nyekundu
kama mtoto aliyetoka kukogeshwa.
Paka mafuta. Washa moto,
moto niliouazima kwa sonara wa Mkunazini
aliyeniuliza mara tatu kama najua nifanyalo.
Nilijibu ndiyo mara tatu,
kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Lakini bomba la zamani halikauki.
Ndani yake ulibaki uzi wa maji, kutoka wapi sijui,
mwembamba, hauna haraka,
nao ukaula moto wote.
Shaba ikafuka tu. Lehemu ikajiviringa shanga,
ikadondoka sakafuni, tik, tik,
ikiliiga lile tone.

Wifi yangu Raya, aliyeshika tochi tangu magharibi,
hakusema neno. Akaenda jikoni,
akarudi na boflo la chai ya asubuhi.
"Baba alikuwa fundi wa boila," akasema.
"Bomba likilia, lilishe."
Akanyofoa nyama nyeupe ya ndani,
akaifinyanga, akaisukuma kwa mpini wa mwiko
mpaka uzi ukakatika.
"Haya, haraka. Mkate hauna subira."

Usiichome lehemu, ichome shaba;
nilikuwa nimeambiwa, hapo tu nikaelewa.
Shaba ilipopata moto wake
iliivuta lehemu yenyewe,
ikazunguka kiungo mara moja, nyembamba,
kama wanja kwenye jicho lililotulia.

Saa nane na robo bomba likakohoa.
Mfereji ukatema hewa,
ukatema uji mweupe wa boflo,
kisha maji.
Raya akacheka mpaka akakaa chini, kwenye vifusi.
Mimi nilikuwa na kidole kwenye kiungo.
Kikavu.
Kikavu.
Bado kikavu.

Asubuhi nikashuka na ndimu mbili na chumvi ya mawe,
maana doa la shaba hutoka kwa ndimu.
Bi Ghanima alikuwa ameivaa kanga ileile,
na hapo ndipo nilipoisoma.
JIRANI USINISEME, ndivyo ilivyotoka kiwandani,
ila doa limekaa juu ya USI,
limezimeza zile herufi tatu, halikubakisha hata nukta.

Akaziangalia ndimu.
Akazipokea, akaziweka kando ya samaki.
"Kanga iache," akasema.
"Sasa ndiyo imejua kuniombea ruhusa."